Khatibu wa Kumsenga

Mimi sikutaka kwenda. Nasema mapema ili mtu asije akadhani nilikuwa na hamu ya kupanda kitreni cha watoto na miaka yangu hii. Aliyeng'ang'ania ni Vestina, binti yangu, ambaye anafundisha chekechea kwetu Kagerankanda na ana maneno mengi kuhusu watoto wanavyotakiwa kulelewa. "Mama, mtoto lazima atoke, aone," alisema. Nikamuuliza aone nini ambacho hakipo shambani. Akacheka tu, na Jumapili hiyo baada ya misa ya kwanza tukajikuta Kasulu mjini, tumesimama mbele ya geti la Bustani ya Boma.

Sikatai, ni pazuri. Ni bustani kubwa, ya zamani. Mikaratusi ile ilipandwa na Wajerumani, halafu Waingereza wakajenga jukwaa la matarumbeta katikati, halafu kwa miaka mingi ikawa malisho ya mbuzi tu. Sasa wameitengeneza. Kuna bembea, kuna sungura kwenye mabanda, kuna bwawa lenye bata, na kuna hicho kitreni chekundu kinachozunguka bwawa huku kikipiga honi. Watu wanatoka mpaka Kibondo kuja kukiona. Mjukuu wangu, Ndayikunda, alikuwa amekiimba tangu Pasaka. Ana miaka saba, ni mtoto wa pekee wa Vestina, na kwangu hakuna mwingine.

Lakini mahali penye geti sipapendi. Penye geti pana walinzi, na walinzi wana sare. Vestina huniambia nimezidi woga, kwamba siku hizi sisi ni raia kama wengine. Ni kweli. Wazazi wangu walivuka kutoka Burundi mimi nikiwa mgongoni, nikalima Kagerankanda mpaka nywele zikawa nyeupe, na mwaka jana nikapewa cheti cha uraia chenye jina langu, Pelagia, na picha niliyokunja uso. Nimekifunga kwenye nailoni, nakibana kwa pini ndani ya blauzi. Hata kanisani nakwenda nacho. Hata kisimani.

Tulipanga foleni ya kitreni. Vestina akatuacha hapo akaenda kununua juisi. Ndayikunda alikuwa ameshika kitenge changu kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili alikuwa anachezea rozari yake ya bluu, ile aliyopewa alipoanza shule. Mlinzi mmoja akaja upande wetu akipita mtu kwa mtu. Alikuwa mwanamke, mnene kiasi, sare ya kahawia, kofia imenyooka. Nilimwona tangu yuko mbali.

"Shikamoo, bibi," akasema. "Karatasi zenu ziko wapi?"

Karatasi! Miaka yote neno hilo nimelisikia kwa maana moja tu. Mkono wangu ulikwenda kifuani wenyewe. Nikafungua pini, ikanichoma, nikatoa nailoni, nikakunjua cheti mbele ya watu wote wa foleni na kumpa. Mlinzi akakisoma, akanitazama, akakisoma tena.

"Bibi, mimi naomba karatasi ya treni," akasema taratibu. "Tiketi."

Watu wakacheka. Nami nikafoka, kwa sababu aibu ikinishika hugeuka hasira. "Kama ni tiketi, sema tiketi! Unamshtua mtu mzima bure, umfanye avue nguo hadharani?" Nikaendelea, sikumbuki yote, na mengine hayafai kuandikwa siku ya Bwana. Yeye hakukasirika. Nikamwambia tiketi anazo binti yangu, akasema sawa, hakuna tabu, akanirudishia cheti, akapita.

Nilikuwa bado nahangaika na pini nilipohisi kitenge changu ni chepesi. Nikageuka. Ndayikunda hakuwepo.

Sikupiga kelele. Hilo mnisamehe, lakini ndivyo nilivyozoea: jina lile la nyumbani, la Kirundi, silitoi kwa sauti mahali pa watu. Nilitembea mbele ya foleni nikirudi nyuma, nikinong'ona, "Ndayikunda, Ndayikunda," kana kwamba natafuta kitu kilichoanguka. Vestina alirudi na chupa tatu za juisi. Akatazama mkono wangu, akatazama chini kando yangu.

"Mama, mtoto yuko wapi?"

"Alikuwa hapa."

Aliziacha chupa chini na kukimbia. Yeye ndiye aliyeita, kwa sauti mpaka watu kwenye bembea wakasimamisha bembea. Tulitafuta kwa sungura. Tulitafuta chini ya jukwaa la matarumbeta, walikokuwa wamelala vijana wawili waliokasirika kuamshwa. Tulitafuta vyooni. Mikaratusi ile ni mingi na minene, na nyuma ya kila mmoja nilimtegemea, na kila mmoja ulininyima. Kipaza sauti kilikuwa kinapiga muziki, mara muziki ukakatwa, mtu akakohoa.

"Tangazo. Kuna mtoto yuko ofisini, anaitwa Khatibu. Khatibu wa Kumsenga, Kibondo. Wazazi wake wafike."

Nilikumbuka kwamba zamani kulikuwa na Khatibu mwuza dagaa aliyekuwa akija kwetu kutoka Kumsenga, nikawaza labda ni mjukuu wake. Nikamlaani kidogo huyo mama asiyejua mtoto wake alipo. Ndiyo, mimi, siku hiyo, nilithubutu kumlaani mwingine. Kisha nikasikia Vestina analia.

Alikuwa ukingoni mwa bwawa. Mkononi alikuwa na kandambili moja, ndogo, ya kijani, ambayo mkanda wake nilikuwa nimeushona mwenyewe kwa waya wiki iliyopita.

Sijui niwaelezeje. Maji ya bwawa lile ni ya matope, huoni hata kiganja kikizama. Bata walikuwa wanaogelea kama kawaida na kitreni kilikuwa kinapita kinapiga honi, watoto wa watu wanapunga mikono. Wanaume watatu walivua viatu wakaingia. Vestina aliingia na gauni lake la kanisani, mikono chini ya maji, anapapasa. Mimi nilisimama. Kichwani mlikuwa na wazo moja tu, kwamba ni mimi niliyekuwa nimemshika.

Muziki ukakatwa tena.

"Jamani, wazazi wa Khatibu wa Kumsenga! Mtoto amevaa fulana ya njano, ana rozari ya bluu shingoni, na mguuni ana kandambili moja. Fikeni ofisini, karibu na geti."

Hapo ndipo nilipokumbuka.

Mwaka mmoja kabla sijapata cheti, watu wenye sare walipita kijijini kwetu wakiuliza karatasi. Jirani yetu Tharsisi hakuwa nayo. Alichukuliwa shambani, na mwanawe mdogo alipomkimbilia akilia "Baba! Baba!" naye akapandishwa gari. Walirudi baada ya wiki tatu, wamekonda, na yule mtoto hakusema neno mpaka mavuno. Mimi niliona, nikaamua wangu hatachukuliwa. Nilimfundisha Ndayikunda peke yetu, shambani, Vestina akiwa shule, kwa sababu nilijua angenikataza. Alikuwa na miaka mitano. Kila jibu sahihi nilimpa karanga moja.

"Ukisikia mtu mwenye sare ananiuliza karatasi, unafanya nini?"

"Naondoka. Sikimbii."

"Wakikuuliza jina?"

"Khatibu."

"Wa wapi?"

"Kumsenga."

"Wakinileta mbele yako, wakauliza, huyu bibi unamjua?"

"Simjui."

Nilichagua Khatibu kwa sababu sikuwahi kuona mtu akimuuliza yule mwuza dagaa karatasi. Rozari sikuifikiria. Na baadaye nilipopewa cheti nilifurahi hata nikasahau kabisa kwamba kuna mtoto niliyemfundisha, na kwamba hakuna aliyemwambia somo limekwisha. Kumbe yeye hakusahau. Foleni nzima ilinicheka, lakini yeye alisikia karatasi, akaniona nahangaika na pini, akaondoka. Hakukimbia, hata kandambili ilipomvuka ukingoni mwa bwawa.

Nilifungua mdomo nimwambie Vestina. Alikuwa ndani ya maji mpaka kiunoni, analia kwa sauti, tangazo hakulisikia. Ningemwambia nini, kwamba mwanao ni Khatibu? Na kama si yeye? Niligeuka nikaenda ofisini mbio, nikamwacha binti yangu anapapasa matope kumtafuta maiti. Hilo najua sitajisamehe upesi.

Ofisi ilikuwa chumba kimoja chenye benchi. Kwenye benchi alikuwa Ndayikunda, amekaa wima, mguu mmoja mtupu. Kando yake alikuwa yule yule mlinzi wa foleni. Nikashika mlango.

"Mjukuu wangu," nikasema. "Asante Mungu. Huyu ni mjukuu wangu."

Mlinzi akamgeukia. "Khatibu, huyu bibi unamjua?"

Mtoto alinitazama usoni. Macho yake yalikuwa makavu.

"Simjui," akasema.

Mkiwa na wajukuu mtanielewa. Sijawahi kupigwa na neno kiasi kile. Na nililifundisha mwenyewe, kwa karanga.

Mlinzi alisimama kati yetu. Sikumlaumu, angefanya nini? "Bibi, mtoto anasema hakujui, na mimi pale kwenye foleni sikumwona kando yako. Na cheti chako nilikisoma, wewe ni wa Kagerankanda, yeye anasema ni wa Kumsenga. Jina lake nani, kwa unavyojua wewe?"

Palikuwa na watu dirishani. Nilipumua. "Haitwi Khatibu. Anaitwa Ndayikunda."

"Khatibu," akasema mtoto kwa haraka, akimtazama mlinzi. Alikuwa ananikinga. Kadiri nilivyosema kweli, ndivyo alivyozidi kunikana ili nisichukuliwe, au nichukuliwe peke yangu, kama nilivyotaka.

Basi nikapiga magoti sakafuni, na nikafanya jambo ambalo tangu utoto sikulifanya mbele ya sare. Nilisema lugha yetu, kwa sauti. "Ngwino, mwana wanje. Ni jewe. Ntutinye." Njoo, mwanangu, ni mimi, usiogope. Kisha nikasema neno la kufungulia, lile tuliloliweka mwisho wa somo, ambalo likisemwa ndipo aruhusiwe kurudi kuwa yeye. "Baragiye." Wamekwenda.

Ndayikunda akafikiri. Ni mtoto makini, namjua. Akainua kidole akamwonyesha mlinzi.

"Hawajaenda," akasema. "Huyu hapa."

Pale dirishani mtu mmoja alicheka, na hakuna aliyemsaidia kucheka. Kiha cha wenyeji na Kirundi chetu havina umbali, yule mlinzi alikuwa ameelewa kila neno, na sasa niliona uso wake unabadilika taratibu, kama mtu aliyekumbuka kitu chake mwenyewe.

"Mwihangane, mawe," akaniambia. Jipe moyo, mama.

Alivua kofia, akaiweka mezani. Akafungua vifungo vya koti la sare, akalivua, akalikunja vizuri, akaliweka juu ya kofia. Alibaki na blauzi ya maua ya njano iliyofifia, mama wa kawaida wa sokoni. Akatoka nje, akawaambia watu wa dirishani waondoke, akasimama uani, jicho moja mlangoni, maana kazi ni kazi.

"Bwana mdogo," akasema kutoka nje, "mimi ni Esteri. Wale wamekwenda."

Ndayikunda alitazama koti juu ya meza. Alitazama mlango. Nilitaka kumrukia, nikajikaza, nikabaki nimepiga magoti na mikono wazi.

"Baragiye?" akauliza kwa sauti ndogo.

"Baragiye. Hawarudi tena. Somo limekwisha."

Alishuka kwenye benchi akaja, na aliponifikia ndipo akalia, kilio cha saa nzima kwa pamoja, na kichwa chake kikaingia pale pale kwenye cheti. Pini ikamkwaruza. Nikaitoa, nikaitupa chini ya meza, na cheti kikaanguka nacho. Sikukiokota wakati huo.

Tulikuwa hivyo mlango ulipofunikwa na kivuli. Vestina alikuwa amesimama, maji yanamchuruzika, matope mpaka mabegani, kandambili ya kijani bado mkononi. Nafikiri Esteri alikuwa ametuma mtu bwawani. Alimwona mwanawe, akanyoosha mikono.

Ndayikunda hakumwendea. Alijifuta pua, akanigeukia mimi.

"Bibi," akaninong'oneza, "na huyu ninamjua?"

Vestina alisikia. Mikono yake ilibaki hewani. Akanitazama mimi, si mtoto, akisubiri, na nilijua kwamba jioni hiyo, na jioni nyingi baadaye, nitakuwa na maelezo ya kutoa.

"Unamjua," nikasema. "Ni mama yako. Nenda."