Godoro la Sakafuni

Daktari alinieleza taratibu kwamba gegedu, kile kinachozuia mifupa ya goti isisagane, limelika. Tutaanza na mazoezi na dawa ya kupaka. Maumivu yasipopungua, tutafikiria kubadilisha goti.

"Ila bibi, kupiga magoti uache kuanzia leo."

Mume wangu amepooza upande mmoja, na tangu aanguke kitandani tunamlaza kwenye godoro sakafuni. Kila asubuhi napiga magoti kumwogesha. Hataki mkono wa mtu mwingine, hata wa binti yetu.

Nyumbani binti akashikilia lake. "Mama, fanya upasuaji tu yaishe."

"Na baba yako ataogeshwa na nani nikiwa nimelala?"

Kesho yake nikapiga magoti kama kawaida. Sikulia, lakini kitambaa kilinitoka mkononi. Mzee akanitazama.

"Daktari amesemaje?"

"Amesema nimezeeka."

"Hilo hata mimi nalijua. Na lingine?"

Nikamweleza yote.

"Nirudisheni kitandani," akasema.

"Utaanguka tena."

"Kisogezeni ukutani. Mgongo ataniosha binti. Wewe utaniosha uso, ukiwa umekaa kwenye kiti kama watu."

Nikajaribu kuinuka, goti likagoma. Akaninyooshea mkono wake mmoja mzima, ingawa nguvu za kuninyanyua hana. Nikaushika hivyo hivyo, nikamwita binti.