Nyamazeni, Kavindu Aseme

Jael alikuwa amechoka. Si ule uchovu wa kufulia watu nguo kule mtaa wa Olympic kutwa nzima, huo alishauzoea. Huu ulikuwa wa kuja mahakamani mara ya tisa. Mara hakimu yuko likizo, mara faili haionekani, mara askari anayetajwa ana homa. Homa gani hiyo inayojua tarehe za kesi? Miaka miwili ilikuwa imepita tangu mwanawe Billy apigwe risasi siku ya maandamano Kawangware, na mpaka leo hakuna aliyeulizwa chochote.

Lakini leo Kavindu alikuwa amekuja, jamani. Siku ile alikuwa kando ya barabara akikaanga mandazi, na ni yeye peke yake aliyeuona uso wa aliyefyatua. Jael alimbembeleza mwaka mzima mpaka akakubali kwa shingo upande.

"Nimepigiwa simu za vitisho za kutosha, Mama Billy," Kavindu alimwambia mlangoni mwa mahakama. "Kesho narudi kwetu Kitui, na sirudi huku. Ni leo au basi."

Sasa sikia balaa. Vijana wa Kibera walikuwa wamejaa nje ya mahakama, wametoka mitaa ya Soweto East na Makina kwa miguu, wana filimbi, vuvuzela na picha ya Billy. Nani angewalaumu? Ndio hao hao waliobeba jeneza lake. Shida ni kwamba Kavindu ana sauti ya mtu anayenong'ona kanisani.

"Sema tena," hakimu alisema. Alikuwa mama wa makamo, mwenye miwani.

Kavindu akasema tena. Vuvuzela ikalia, maneno yakapotea. Wakafunga madirisha, wapi! Mara ya nne hakimu akaacha kuandika.

"Siwezi kuandika nisichosikia. Ama niwaambie polisi wawaondoe hao, ama tuahirishe hadi mwaka ujao."

Muiruri, wakili wa serikali, akamgeukia Jael. "Mama, unasemaje?"

Hasira ilimpanda Jael. Polisi tena! Wawarushie watoto wa watu vitoa machozi kwa ajili ya kesi ya mtoto aliyeuawa na polisi? Afadhali afe yeye.

"Nipe dakika kumi, Mheshimiwa. Nitaenda mwenyewe."

"Nenda," hakimu alisema. "Wana haki ya kuwa pale, sikatai. Lakini shahidi naye lazima asikike."

Nje alimkuta Obonyo, rafiki ya Billy tangu shule ya msingi, ameshika kipaza sauti.

"Mathe! Tuko na wewe!"

"Najua, mwanangu. Lakini nyamazeni kidogo. Kavindu hasikiki."

"Tunyamaze? Zii, mathe. Wamekuzungusha mara nane. Leo hakimu ameketi, unadhani ni kwa nini? Ni hii kelele. Na katiba inaturuhusu."

Hakukosea, na hilo ndilo lililomchosha Jael zaidi.

Obonyo akashusha sauti ili wenzake wasisikie. "Na tulishakunyamazia mara moja. Uliandikisha kwa polisi kwamba Billy ulikuwa umemtuma viazi sokoni. Alikuwa mbele yetu, mathe, ameshika bango. Sisi tulikuwa tumekimbia tayari, hatukuona nani alifyatua, lakini hilo tulijua. Ukatuambia tufunge mdomo, eti mwandamanaji akiuawa hana kesi. Tukafunga. Sasa unataka tena?"

Jael akaketi pale pale ukingoni mwa barabara. Alitamani kulala hapo hapo, watu wampite.

"Imbeni akimaliza," alisema. "Imbeni mpaka sauti ziwakauke, sitawazuia. Lakini hii saa moja mpeni Kavindu. Akienda Kitui bila kusikika, sina mwingine. Obonyo, sina."

Obonyo akainua mkono. Filimbi zikanyamaza moja moja, na wote wakaketi kwenye lami, picha ya Billy imeshikwa juu. Hakuna aliyeondoka.

Ndani, madirisha yakafunguliwa. Kavindu akasema, polepole, na kila neno likasikika. Alieleza askari alisimama wapi na alilenga vipi. Alipoulizwa kama yuko humu ndani, akamnyooshea kidole. Jael alilia bila kujificha.

"Na marehemu alikuwa akipita tu?" Muiruri akauliza.

"Hapana. Alikuwa akiandamana. Ameshika bango kwa mikono miwili, anaimba. Hakuwa na jiwe wala nini."

Wakili wa askari aliruka kama aliyemwagikiwa na chai moto.

"Mheshimiwa! Mama wa marehemu aliandikisha kwamba mwanawe alikuwa ametumwa viazi. Mmoja wa hawa wanawake ni mwongo. Naomba ushahidi huu wote utupwe."

Kavindu akamtazama Jael. Amekuja na vitisho vyote vile, halafu aondoke akiitwa mwongo? Na nje, kupitia madirisha, vijana mia mbili walikuwa kimya wakisikiliza.

Jael akasimama bila kuitwa.

"Mwongo ni mimi," alisema. "Huyu mwaminini. Niliogopa mtasema mtoto wangu alijitakia, nikamfanya kama aliyekosea. Hakukosea. Aliniaga asubuhi, akaniambia, mama naenda kuandamana. Na mimi ndiye niliyemwambia nenda."