Alama Nyekundu kwenye Nati

Swali ni lile lile kila siku: "Fundi, hii pikipiki ya bei ya chini inamfaa mtu anayeanza?" Nimelijibu kwa miaka ishirini na mbili, nikiwa nimechuchumaa, mikono imejaa grisi, na jibu langu hutegemea mgongo umeamkaje. Ukiwa mzima, naeleza. Ukiwa unauma, nasema, "Rahisi huvunja upishi," kisha naendelea na kazi. Siku hizi wateja wengi huondoka na methali.

Mpwa wangu hakukubali kuondoka na methali. Ni binti wa dada yangu mkubwa, msoma mita za maji, mfupi, mbishi, na ana tabia ya kurudia kila kitu mara mbili, hata kusoma maandishi ya kwenye pakiti ya sabuni. Kampuni yao ya maji ilimwambia hivi: mitaa ya mlimani inahitaji msomaji wa kudumu, na nafasi ni yake ikiwa Jumatatu atafika na chombo chake mwenyewe cha usafiri. Kwa miaka minne alikuwa kibarua, anatembea kwa miguu nyumba hadi nyumba. Akikosa pikipiki, anabaki kibarua.

Mimi nilikuwa na jibu tayari: pikipiki yangu mwenyewe, nzito, ya zamani, ambayo haijawahi kunisumbua. "Chukua hii," nilimwambia. "Hiki ndicho chuma. Hizo za siku hizi ni makopo yaliyopakwa rangi."

Akaipanda. Ncha za vidole vya miguu ndizo zilizogusa chini. Akashuka, akailaza ubavu taratibu, akajaribu kuinyanyua. Ikagoma.

"Mjomba, ikianguka kule mlimani nani ataninyanyulia?"

"Usianguke."

"Kwani anayeanza haanguki?"

Alisema kweli, nami nikarudi kwenye kazi yangu. Jumamosi asubuhi akaja na kopo lake jipya limepakiwa nyuma ya pikapu, kiti bado kimefunikwa nailoni. "Asiyesikia la mkuu huvunjika guu," nikamwambia.

Akacheka. "Basi mkuu anikazie nati."

Pikipiki hizi hufika zikiwa vipande vipande ndani ya boksi, na wanaoziunga dukani hulipwa kwa idadi, si kwa uimara. Nati nyingi hukazwa nusunusu. Kwa hiyo ikija mpya naipitia yote, nati kwa nati. Kila ninayoikaza naitia tone la rangi ya kucha ya mke wangu, nyekundu, mstari unaogusa nati na chuma kilicho chini yake. Nati ikilegea, mstari unakatika, na hata asiye fundi ataona. Safu yetu yote ya mafundi inaujua utaratibu huo. Rangi huja mwisho. Penye rangi pameshakazwa, usirudi.

Siku hiyo mgongo ulikuwa unawaka moto. Rangi ilikuwa imebaki kidogo chupani na imeanza kuganda, nikaona bora nichuchumae mara moja tu, nitie alama zote za chini kabla haijakauka, halafu nifuate na spana. Sikuwahi kufanya hivyo maisha yangu yote. Nikatia alama. Kisha simu ikaita, nikainuka kuipokea. Alikuwa dada.

"Mwanangu nimemkabidhi kwako," alisema. "Mimi haya mambo ya pikipiki siyajui. Ukisema ni salama, nitalala usingizi."

"Lala, dada," nikamwambia.

Niliporudi niliona rangi. Penye rangi pameshakazwa. Nikafuta mikono. Kabla mpwa wangu hajaondoka nilimfundisha jambo moja tu: kila asubuhi, kabla ya kuwasha, aizunguke pikipiki na kuzisoma alama zote. Jumatatu akaenda mlimani.

Jumatano saa mbili asubuhi nikamwona anakuja, amevaa koti la kampuni, kofia ngumu imening'inia kwenye usukani. Hakuwa ameipanda pikipiki. Alikuwa anaisukuma.

"Mjomba, mstari mmoja umekatika."

Nikachuchumaa. Ilikuwa nati ya ekseli ya nyuma, ile inayoshika gurudumu zima. Ilizunguka kwa vidole viwili. Jana yake alikuwa ameteremka mlima mzima na nati hiyo.

"Ulisema," akaniambia, kwa sauti ya mtu aliyechoka kubisha. "Kopo ni kopo. Siku mbili tu, nati inajifungua yenyewe. Nitairudisha dukani. Ile yako siiwezi, kwa hiyo nitawaambia mlima wampe mwingine. Nitatembea kama zamani."

Fundi wa jirani, ambaye tunamwita Redio kwa kuwa hazimi, akadakia kutoka kibandani kwake: "Si tunasema kila siku! Makopo hayo!"

Ushindi ulikuwa umeletwa mlangoni kwangu, tena unasukumwa. Ningesema "si nilikwambia," na habari ingeishia hapo. Dada asingejua, Redio asingejua, na pikipiki haina mdomo. Nilitamani kunyamaza. Kusema kweli nilitamani sana, maana kuaibika nako ni kazi, na mimi nilikuwa nimechoka na kazi.

"Pikipiki haina kosa," nikasema.

"Unasemaje?"

"Nati hiyo sikuikaza. Niliitia rangi kwanza. Mgongo uliniuma, nikataka njia ya mkato. Mama yako akapiga simu, na niliporudi nikaamini rangi yangu mwenyewe. Nisamehe, mama."

Redio akazima.

Mpwa wangu alinitazama, akaitazama nati, akanitazama tena. Machozi yalimlenga, ya hasira, si ya huzuni. "Nilikuwa nazisoma, mjomba. Jumatatu nilizisoma. Jana nilizisoma, nikaona mstari mzima, nikapanda. Niliamini kwa sababu umeuchora wewe."

Miaka ishirini na mbili ya kuwaonya watu kuhusu makopo, na kumbe kopo lenyewe lilikuwa mimi.

Akajipangusa macho kwa mkono wa koti. "Nipe spana. Saa nne niwe mlimani. Na wewe kaa."

Nikakaa juu ya kreti. Akaanza na gurudumu la mbele. Kila alama yangu aliikwangua kwa ukucha mpaka ikatoka, akaikaza nati hadi ikakataa kusogea, ndipo akasema, "Tia." Nami nikainama nikatia tone kutoka chupa mpya. Tulikwenda hivyo, nati baada ya nati.

Chini ya injini akasita. Alishika nati moja kwa vidole, akaizungusha mbele ya macho yangu, polepole, mzunguko mzima. Mstari wake ulikuwa haujakatika, na hata mimi sikujua kuwa nayo imelegea. Akachukua spana akaikaza.

Nikachovya brashi, nikaisogeza.

"Bado," akasema, akaikaza mara ya pili.