Sebule Iliyotulia

Mama alipopatwa na kiharusi, akapooza upande mmoja, binti yake mkubwa, mhandisi wa maji, alihamia kwake kumwuguza. Alikuta sebule imejaa vitambaa. Jirani mshonaji, aliyepewa jina la Mdomo Cherehani kwa kusema bila kuvuta pumzi, alikuwa akija kila asubuhi na mashati ya wateja. Jirani alishika kitambaa. Mama, fundi cherehani wa zamani, akashona vifungo kwa mkono wake mzima, huku wakibishana mpaka chai inapoa.

"Mwenzio anakuchosha," binti alisema.

"Ananichosha tangu hujazaliwa."

Binti alicheka, lakini siku ileile alimfuata jirani mlangoni. "Mama mdogo, usinielewe vibaya. Daktari kasema apumzike. Tupe muda kidogo."

Mdomo Cherehani akarudi ndani. Alikusanya mashati yake, akaenda zake.

Nyumba ikatulia. Muuguzi akaajiriwa. Mama alipoanza kusaza chakula, aliletewa dawa ya hamu ya kula. Akakosa usingizi, akapewa vidonge. Mkono wake mzima ukalegea, maneno yakapungua, akatafutiwa mtaalamu wa mazoezi ya viungo. Kila tatizo lilipata tiba yake, na hakuna tiba iliyokuwa na kosa.

Kaka mdogo wa binti alipokuja kuwajulia hali, alimkuta mama akitazama ukuta.

"Dada, kazini ukifunga koki moja, si huwa unauliza maji yataelekea wapi?"

"Ndiyo."

"Na hapa uliuliza?"

Binti aliinuka. Alitoka na ndala zake za ndani mpaka kwa jirani. "Nilidhani nampunguzia mama mzigo," alisema. "Kumbe nimempunguza yeye mwenyewe. Nisamehe, urudi."

Mshonaji akachukua shati na sindano. Alipofika akamwekea mama shati mapajani. Mama aligeuza kifungo vidoleni, kikamponyoka.

"Leo huna la kunikosoa?" jirani akamwuliza.

Mama alifumbua kinywa, sauti isitoke. Akamshika mwenzake upindo wa gauni, asiuachie.

Jirani amerudi kuja kila siku. Mama anakula vizuri kidogo, na mara mojamoja hutabasamu, ila kushona hakushona tena, wala kubisha. Binti, kabla ya kwenda kazini, husimama jikoni akisikiliza: sauti moja inauliza, inangoja, kisha inajijibu yenyewe.