Kilima Kilichochelewa Kupanda

Mama alikuwa mtu wa kuuliza mpaka aelewe, kwa hiyo mtaalamu wa mashine ya kupima misuli pale hospitalini alimpa kiti mbele ya skrini, nyuma ya kioo.

"Sumaku hii inasoma nguvu iliyomo ndani ya msuli," alimweleza, akifuta miwani. "Hiki kilima kirefu ni akiba. Mtu akikanyaga pedali, kinashuka. Akipumzika, kinapanda. Kwa mwenye afya, dakika mbili haziishi kabla hakijarudi juu."

Kifungua mimba wake, ambaye ngazi zilikuwa zimemshinda mwaka wa pili sasa, ndiyo kwanza atoke mle ndani. Kilima chake kilichukua dakika tano. Mama alizihesabu kwa saa ya ukutani. Aliuliza kuhusu dawa, akajibiwa kuwa haijapatikana, bado wanauchunguza ugonjwa. Walichotaka ni ndugu mzima wa kumlinganisha naye.

"Ninaye," alisema Mama, akatia sahihi fomu ya ridhaa papo hapo.

Huyo alikuwa kitinda mimba wake, binti wa miaka kumi na saba, aliyeitwa Mshale kwa mbio zake.

"Dada, nikikushinda, ile sketi ya bluu ni yangu," alisema Mshale akivua hereni.

"Kushindana na mgonjwa, huoni haya?" dada yake aliuliza.

"Sioni. Sketi nzuri."

Akaingizwa. Mguu wake ulikanyaga pedali kwa fujo, na kilima kikashuka.

"Basi, pumzika," mtaalamu alisema kwenye kipaza sauti.

Mama alitazama saa. Dakika moja. Mbili. Kilima hakikuwa kimefika hata nusu. Akakumbuka mashindano ya juzi. Mshale alikuwa wa tatu, akalalamika miguu mizito, na yeye akamwambia aache uvivu.

"Pengine amesogeza mguu," Mama alisema.

"Hajasogea."

"Basi mashine imechoka. Rudia."

Mtaalamu alivua miwani, akaifuta tena. "Mama, mimi ni wa mashine tu. Majibu atayasoma daktari."

"Mwenye macho haambiwi tazama. Umenifundisha mwenyewe."

Dakika ya tatu ikapita. Mama, ambaye nyumbani alirekebisha kila kitu, kuanzia bomba hadi ada za shule, aliweka mikono mapajani, asijue pa kuipeleka. Sahihi alishaitia, na maji yakimwagika hayazoleki.

Sauti ya Mshale ikatoka kwenye spika. "Mama? Nimemshinda?"

Kifungua mimba alikuwa amejikokota kutoka kwenye benchi, akasimama nyuma ya kiti, mkono ukutani. Aliitazama skrini kwa muda.

"Mwambie sketi ni yake," alisema.

Mama akabonyeza kitufe.

"Tulia, mwanangu," alisema. "Usitikise mguu."

Kilima kilikuwa bado kinapanda.