Rudi Kwenu, Nyundo!

Trei ilimponyoka Sekine Toyoko kabla hajaifikisha kwenye karai. Katlesi mbichi zikatawanyika sakafuni, nyingine zikabingiria mpaka chini ya jokofu. Mkono wa kushoto ulikuwa umelala tena. Haukumpa taarifa, na ndiyo kawaida yake: unashika kitu vizuri kabisa, halafu unakiacha kama mtu aliyesahau alichokuwa anafanya.

"Bi Sekine." Nagamine, mkuu wa jiko la supamaketi, hakupaza sauti. Alikuwa kijana mwenye adabu zake, na adabu zake ndizo zilizokuwa zikiuma. "Tena?"

"Samahani, bosi. Nisamehe sana."

"Mafuta yamepanda, viazi vimepanda, hata unga wa mkate umepanda. Mimi nikiulizwa huko juu nitasema nini?"

Toyoko alikuwa keshapiga magoti. Aliokota katlesi moja moja kwa mkono wa kulia, kofia ya jikoni imemshukia machoni, mwanamke wa miaka sitini na mbili mwenye mabega mapana kuliko ya bosi wake. Wenzake waliendelea kukata kabichi bila kugeuka. Si kwamba walikuwa na roho mbaya. Mikataba yao nayo ilikuwa inaisha mwezi huo huo, na nani atake kuonekana anamhurumia anayeangusha trei?

"Mwisho wa mwezi wanapitia majina," Nagamine alisema, akichuchumaa ili wengine wasisikie. "Ungethibitisha kwamba uliumizwa na kazi, yoyote ile, hata ya zamani, wangekuhamishia kwenye kubandika bei. Bila hivyo watasema umezeeka. Hapo sina kauli mimi."

"Leo jioni nitakuletea jibu. Ndiyo maana nimeomba ruhusa ya mchana."

"Ah, ile sherehe yenu ya mieleka!" Nagamine alitabasamu kwa mara ya kwanza siku hiyo. "Mama yangu alikuwa anakuchukia, unajua? Ukitokea wewe, televisheni inarushiwa ndala."

"Mpe salamu zangu," alisema Toyoko, akaingiza mkono chini ya jokofu kutafuta katlesi ya mwisho.

Jibu lenyewe lilikuwa kwa mtu mmoja tu. Wiki iliyopita alikwenda ofisi ya kazi, akapewa namba, akangoja mpaka miguu ikafa ganzi, akamkuta karani mwenye mafua. Karani alikuwa keshawasiliana na kampuni ya mieleka. Kampuni ilisema wale wasichana hawakuwa waajiriwa, walikuwa wasanii. Halafu akalitafuta kwenye simu yake pambano ambalo Toyoko alisema ndilo lililomuumiza, akamgeuzia kioo.

"Hapa, mama. Daktari anapanda ulingoni kukutazama, na wewe unamtemea mate. Mtu aliyeumia kweli anamtemea daktari mate?"

Sasa utamweleza nini mtu wa namna hiyo? Toyoko alijaribu. Alieleza kwamba yeye alikuwa wa kambi mbaya, wale waliopangwa wachukiwe na watazamaji, na wa kambi mbaya hatibiwi mbele za watu. Akihurumiwa tu, kazi imekwisha. Daktari angemshika mkono, ukumbi mzima ungemwonea huruma, na kesho yake mzee Murase, mwenye kampuni, angemfukuza. Kwa hiyo alimtemea daktari mate. Alikuwa na miaka ishirini na mbili, na alidhani amefanya kazi yake vizuri.

Karani alipenga kamasi. "Lete aliyekuwepo, akiri mbele za watu kwamba uliumia. Huyu mliyepigana naye, kwa mfano. Si yuko hai?"

Yuko hai! Hoshikawa Ritsuko alikuwa hai kuliko watu wote. Kila asubuhi alionekana kwenye televisheni akipanda ngazi mbio, akitangaza dawa ya magoti.

Waliingia kampuni msimu mmoja, mabinti wa miaka kumi na sita, na kwa kuwa bweni halikuwa na joto walilala chini ya shuka nene moja, mgongo kwa mgongo. Toyoko alimfundisha Ritsuko kuanguka. Ritsuko alimgawia Toyoko wali wake, maana Toyoko alikuwa hashibi. Halafu siku moja mzee Murase akapita mbele ya mstari wa wasichana, anaonyesha kwa kidole. Wewe mwenye uso mzuri, kule. Wewe, huku. Ritsuko akawa Nyota. Toyoko akapakwa rangi nyeusi machoni, akapewa fimbo ya mianzi, akaitwa Nyundo.

Tangu siku ile, hata salamu hawakupeana. Kambi nzuri basi lao, kambi mbaya basi lao, hoteli mbalimbali, chakula mbalimbali. Shabiki akiwaona mnacheka pamoja, mmejifukuzisha kazi nyote wawili. Waliongea mahali pamoja tu, ulingoni, mmoja akiwa amemkaba mwenzie kabali, mdomo kwenye sikio. Walipofika miaka ishirini na tano wakastaafishwa, wakaagwa kwa kengele kama kampuni ilivyoaga wasichana wote wa umri huo, kila mmoja akashika njia yake. Majuzi Toyoko alipiga simu ofisini kwa Ritsuko, akajitaja. Msichana wa mapokezi akacheka, akasema, "Wee dada, acha utani," akakata.

Ndiyo maana kampuni ilipomwalika kwenye maonyesho ya filamu ya pambano lao kubwa, lile lile, alikubali kabla hajamaliza kuambiwa.

Murase mtoto, mrithi wa kampuni, alimpokea mlango wa nyuma wa ukumbi. Suti ya bei, meno meupe.

"Nyundo! Mama yangu! Hujabadilika hata kidogo!"

"Nimebadilika, mwanangu. Ritsuko kafika?"

"Yuko kule mbele. Kambi nzuri mlango wa mbele, kambi mbaya mlango wa nyuma, kama enzi za mzee. Mashabiki wanapenda hivyo."

"Naomba nimwone kidogo tu. Nina neno naye."

"Aa, mama, utatuharibia!" Alimshika begani kwa upole, akamsogeza upande wa pazia. "Watu wamekuja kuwaona mnakutana jukwaani. Machozi yatoke pale, siyo huku kwenye ndoo na mafagio. Neno lako mwambie pale pale, kwenye kipaza sauti. Itapendeza zaidi."

Basi Toyoko akakaa kwenye kiti cha plastiki nyuma ya pazia, akalitazama pambano lake. Hakuwahi kulitazama lote. Wakati ule hakuwa na televisheni, na baadaye hakuwa na moyo.

Masikini ya Mungu, lilikuwa zuri. Utepe wa karatasi ulimiminika ulingoni kila rangi, wasichana wa shule wakilia kabla kengele haijalia, wakiita Ritsuko, Ritsuko. Kisha akaingia yeye na fimbo yake, na ukumbi mzima ukanguruma: rudi kwenu! Rudi kwenu! Ritsuko aliruka kutoka kwenye kamba za juu kabisa, mikono imefunguka, na Toyoko akampokea kifuani kwa ufundi ambao hakuna aliyeuona. Watazamaji walidhani amegongwa. Ilikuwa kazi ya Nyundo hiyo, kumdaka Nyota asivunjike na bado aonekane anamuua. Akamburuta kwa nywele, akamchana paji la uso, damu ikashuka, watoto wakapiga mayowe. Kisha Ritsuko akainuka. Alivyoinuka! Magoti yanatetemeka, macho hayatetemeki. Toyoko, mwanamke mzima nyuma ya pazia, alijikuta ameng'ang'ania kiti akitaka Ritsuko ashinde.

Ndipo Ritsuko akambeba kichwa chini miguu juu, jasho na damu vikamtelezesha, na Toyoko akashukia shingo.

Murase akasimamisha picha. Ukumbini walikuwepo wanawake mia mbili hivi, waliokuwa wasichana wa shule wakati ule, sasa wana miwani na vipochi.

"Tazameni mkono wa kushoto," alisema Murase. "Kuanzia hapa mpaka mwisho unaning'inia kama kitambaa. Hausogei hata anapokabwa! Niambieni, nani siku hizi anaweza kuigiza hivi?"

Wakapiga makofi. Mama mmoja safu ya mbele alifuta machozi.

"Na hapa, Ritsuko anamkaba kabali, mdomo uko sikioni. Anamwambia nini? Mashabiki wamebishana miaka yote. Mimi nasema anamtukana!"

Kicheko. Toyoko aliyajua maneno yale. Ritsuko alisema, "Toyo, mkono?" na yeye akajibu, "Maliza." Basi Ritsuko akamaliza. Kwenye picha sasa Nyundo alikuwa amekalishwa kwenye kiti, mashine inapita kichwani kwa sharti kwamba atakayeshindwa anyolewe, nywele zinaanguka, na ukumbi unaimba. Mkono wa kulia ulipigana na wanyoaji. Wa kushoto ulilala mapajani. Ulikuwa umekufa pale, mbele ya watu elfu kumi, na wote walikuwa wanashangilia.

"Sasa," alipaza Murase, "kwa mara ya kwanza tangu walipostaafu, kwenye jukwaa moja!"

Ritsuko aliingia kutoka kulia amevaa nyeupe, mwembamba, mrembo bado. Toyoko aliingia kutoka kushoto na sweta lake la jikoni, na wale mama mia mbili wakasimama wima, nyuso zinang'aa kwa furaha, wakapiga kelele kama zamani. "Rudi kwenu! Nyundo, rudi kwenu!" Waliipenda kazi yake. Aliliona hilo.

Alipokea kipaza sauti kwa mkono wa kulia. Hakujua kuongea kwa adabu ya jukwaani, maana Nyundo hakuwahi kupewa maneno zaidi ya matusi. Akasema alivyoweza.

"Mkono huu sikuigiza. Shingo iliumia siku ile, na mkono ukafa. Sasa naangusha vitu, nitafukuzwa kazi. Ritsuko anajua. Aliniuliza palepale. Ritsu, waambie."

Halafu mtu mmoja nyuma akapiga mluzi, mwingine akacheka kwa raha, na ukumbi ukalipuka. "Mwongo! Nyundo mwongo! Rudi kwenu!" Mama wa safu ya mbele alikuwa anaruka-ruka. Haya, mtu aliyelipwa miaka yote ile kuwa mwongo leo aaminiwe kwa sababu gani?

Toyoko hakuwatazama. Alimtazama Ritsuko, na Ritsuko alikuwa amepauka. Akasogea. Alinyoosha mkono, na Toyoko akadhani anataka kipaza sauti. Lakini Ritsuko alimzungushia mkono shingoni, taratibu, kwa uangalifu mkubwa, akamkaba ile kabali yao. Paa likataka kung'oka kwa vigelegele.

Mdomo ukafika sikioni.

"Toyo, naishi kwa lile tangazo la magoti, na kampuni ya Murase ndiyo iliyonipatia. Nikisema, kesho sina kitu." Pumzi yake ilikuwa ya moto. "Lia kidogo, Toyo. Watu wanangoja."

Lia kidogo. Kazi ya Nyundo ilikuwa hiyo pia: akikabwa analia, anatapatapa, anapiga sakafu, Nyota aonekane ana nguvu. Angeweza hata leo. Mwili ulikuwa unakumbuka, goti la kulia lilikuwa tayari limeanza kujikunja.

Akalinyoosha. Akasimama tu ndani ya ile kabali kama mtu anayengoja foleni. Hakulia, hakutapatapa. Vigelegele vikaendelea, vikapungua, vikawa vya watu wawili watatu. Mtu akauliza kwa sauti, "Mbona halii?" Mkono wa Ritsuko ulianza kulegea shingoni mwake, na hapo ikaonekana wazi kwamba haukuwa na nguvu yoyote. Murase akaashiria muziki upigwe haraka.

Murase alimkuta Toyoko mlango wa nyuma, anavaa koti. Alikuwa anahema, shada la maua mikononi.

"Mama! Ule mkono umewaua watu! Mwishoni onyesho lilipoa kidogo, lakini tutarekebisha. Mwezi ujao Osaka. Maneno yale yale, 'naangusha vitu, nitafukuzwa.' Nani alikutungia?"

Akampa maua. Toyoko alinyoosha mkono wa kushoto kuyapokea, naye Murase akayaweka humo. Vidole vikashika vizuri kabisa, halafu vikaacha. Maua yakatawanyika sakafuni kati ya viatu vyao.

Wote wawili wakayatazama. Murase akangoja.

"Okota, mwanangu," Toyoko alisema. "Mimi nimeokota asubuhi."

Murase alimtumbulia macho. Kisha akapiga magoti na suti yake, akaanza kukusanya maua huku anacheka mpaka machozi yanamlenga. "Na hili! Na hili tutaliweka, mama! Osaka watakufa!"

Toyoko alishatoka. Zamu ya jioni ilikuwa inamngoja, na Nagamine angetaka jibu. Njiani kwenda stesheni alijaribu kupanga maneno ya kumwambia. Yakamjia yale yale ya asubuhi: samahani, bosi, nisamehe sana.