Mwiko Uliofungwa Uzi

Siku hiyo mjinga alikuwa yeye, fundi wa mapambo ya filamu, wala hakuhitaji mtu wa kumwambia. Filamu yenyewe ilikuwa ya kutisha: wachimbaji wa mambo ya kale wanafukua kaburi la mfalme, mimea iliyolala humo inaamka na kuwala mmoja mmoja. Mimea ya plastiki ilimeremeta kwenye taa kama viatu vya bwana harusi. Basi fundi, mjuaji wa watu, akaenda kukata minyaa mibichi ya ua na kuichanganya humo. Ubaya wa utomvu wake aliujua; akajiambia nani atayavunja matawi.

Aliyeigiza mchimbaji wa mwisho kuliwa alikuwa mdogo wake wa kike. Kwa kuwa kila mtu pale kazi yake ilikuwa kupiga kelele, walikubaliana kwamba mwenye kuumia kweli haiti msaada; anaangusha alichoshika. Dada alishika mwiko wa kuchimbia. Katika mazoezi ulimponyoka kila mara, mwongozaji akachukia, na fundi akaufunga kwenye kiganja cha dada kwa uzi mweusi. Akamtania kwamba sasa hata akifa atazikwa nao.

Kamera zilipowashwa, matawi yakavutwa kwa kamba ili yamvamie dada, yakakatika, utomvu mweupe ukamchuruzika machoni. Akapiga kelele, akamwita kaka yake. Akaukung'uta mkono kama anayefukuza nyuki, mwiko usibanduke. Waliokuwapo wakanong'onezana kwamba binti ana kipaji. Fundi, nyuma ya kamera, alikuwa anamwonyesha mwongozaji dole gumba.

Hospitalini daktari hakuzunguka: macho yote mawili yameungua, wasitarajie.

Sasa dada hushinda kitandani, shingo imeelekea redioni hata ikiwa imezimwa. Fundi humletea chai na kumshikisha kikombe, utani wote umekwisha. Leo alikuja na ombi la mwongozaji: kipande kile ndicho kizuri kuliko vyote, wanaomba ruhusa kibaki kwenye filamu. Dada alikataa. Fundi akabembeleza, akasema watu watalia, atavuma, angalau maumivu yale yasipotee bure. Mwenyewe amekitazama, akasema, na mwili umemsisimka.

Dada akapapasa meza mpaka akakipata kikombe, akakisukuma upande wa kaka yake.

"Basi kakitazame tena kipande chenu, kaka," akasema. "Safari hii uangalie mkono wangu."